Deni

Alikuja kwangu badala ya milango kumi na miwili ya chuma.
Bwana Kalenga wa gereji alikwisha kunizimia simu,
nikaenda mwenyewe hadi Golf, kwenye geti nililolichomelea mimi,
akanitolea mtoto wa mbwa ndani ya katoni ya sabuni
na bahasha.
"Chukua. Huyu anapita milango."
Nikamwita Deni.

Bahasha ililala miaka miwili chini ya godoro.
Siku Mwadi alipoifungua akitafuta pesa ya shule
tukakuta jina jingine, refu, la Kifaransa,
na baba, na babu, na mama ya babu,
vizazi vitano, kila mmoja na namba yake.
Mimi babu yangu namjua kwa jina moja
na kwa kikohozi alichotoka nacho mgodini.

Karatasi inasema mbwa wa aina hii ni wa Kongo.
Wazee wake walitolewa msituni na kengele za mti shingoni,
wakavushwa maji, wakaandikwa kitabuni,
na mjukuu amerudi Katuba
na heshima zote za mgeni.

Basi, Johannesburg. Maonyesho ya mataifa, mwezi wa tisa.

Dawa ya deni kulipa.
Dawa ya Deni ni sindano ya kichaa, kidonge cha minyoo,
kidude kama punje ya mchele chini ya ngozi,
muhuri wa daktari wa mifugo,
na pesa ya sukari kwa anayeuweka muhuri kabatini.

Asubuhi, mabati yakiwa bado baridi,
tunazunguka uwanja wa shule.
Kamba isilegee, isikaze,
kama unavyoshika mkono wa mtoto wa mtu.
Watoto wanatufuata kwa mstari, vifua mbele.
"Mchomeleaji ameoa mbwa!"

Mama Kaseba, muuza mikate, ndiye jaji wetu.
Anavaa kofia ya ibada, anakunja uso,
anamfunua midomo, anahesabu meno,
anashuka hadi pale ambapo mwanamume hagusiwi na mgeni.
Deni anatazama mbali, kule kwenye bomba la moshi na kilima cheusi,
kama mtu anayengoja jina lake liitwe kwenye dirisha la ofisi.
"Meno yote yapo," anasema mama. "Amenishinda."

Kucha nazisugua kwa tupa ndogo ya kazini.
Hapo mikono yangu inaaibika:
imezoea chuma, na chuma hakivuti mguu.
Manyoya Mwadi anayapitishia kipande cha blauzi yake ya hariri.
Ila vumbi. Vumbi letu jekundu
limehamia kati ya vidole vyake vyeupe.
Tumejaribu sabuni, ndimu, maji ya mchele.
Weupe unarudi na rangi ya soksi za mwanafunzi.

Habweki. Mtaani wanadhani anaumwa.
Lakini jana, umeme ulipokatika,
aliinua shingo akatoa sauti ndefu, ya kupanda na kushuka,
nusu kicheko, nusu kitu kingine,
hata redio ya betri ya jirani ikapunguzwa.
Nikafikiri: ile kengele hawakumfunga
kwa sababu hakuwa na la kusema.

Kibali chake kimetoka Jumatatu.
Changu bado. Wanataka cheti cha kuzaliwa,
barua ya benki,
wanataka kujua kama nitarudi.
Yeye hawakumuuliza.

Usiku huu Mwadi amenipandisha juu ya meza ya kuchomelea.
"Kidevu juu. Usinitazame mimi, tazama pale."
Akanizunguka polepole na taa ya simu,
akagusa kovu la cheche juu ya nyusi,
akanifungua mdomo, akahesabu mapengo.
Chini, Deni ameketi, mkia umejiviringa, paji limekunjamana,
jaji wa pili.
"Mgongo umepinda," Mwadi akasema.
"Anza tena. Kutoka mlangoni."

Nikashuka, nikaichukua kamba.