Mstari wa Kumi na Mbili

Aune Karvonen wa maktaba alikuja kwa miguu,
theluji ya Kajaani ikamfuata hadi kwenye zulia,
akaniwekea karatasi juu ya kibodi, si kando yake.
"Soma."
Nikasoma: mia tano hamsini na nne,
barua imekataliwa kwa mujibu wa sera.
Ishirini na tatu kama hiyo tangu Novemba,
zote zimerudi katika sanduku ambalo pale maktaba
hakuna aliyejua kuwa lipo.

Mzee Eino Pikkarainen ametozwa yuro kumi na nne
kwa kitabu cha nyuki
ambacho hakuna aliyemkumbusha kukirudisha.
Hakulalamika. Alihesabu sarafu, akauliza tu
kama kuna mtu aliyemkosea.

Nikafungua kumbukumbu za seva.
Saa, dakika, nukta, jina la mtumaji, hukumu.
Kwanza nikamshuku jirani, ndiyo desturi yetu mafundi:
cheti chao kimekwisha muda? Saini imeharibika njiani?
Kuna orodha nyeusi ya watu wa mbali iliyowaponza?
Wapi. Wao walikuwa safi kama sahani ya mgeni.
Nikajituma barua mwenyewe, kutoka nje.
"Habari." Ikapita.
"Habari za kitabu." Ikapita.
"Habari za laina."
Mlango ukanibamiza usoni.

Laina. Benki ikikupa fedha, ni laina.
Maktaba ikikupa kitabu cha nyuki, ni laina.
Ziko lugha zinazojua kukopa si kuazima;
Kifini hakijali, na bawabu wangu hana lugha,
ana orodha tu.

Novemba matapeli walitumwagia barua elfu tisa,
mkopo bila dhamana, mkopo leo leo,
nami saa nane za usiku, kwa hasira na kahawa iliyopoa,
nikaandika: mada ikiwa na neno hili, kataa.
Nikalala usingizi wa mtu aliyetenda haki.

Ruhusa ya maktaba ilikuwapo, naapa.
Iko mstari wa arobaini.
Kataa iko mstari wa kumi na mbili,
na bawabu husoma kuanzia juu,
akipata jibu hasongi mbele.
Siku za mwizi ni arobaini, husemwa;
kwangu asiye mwizi ndiye hakuifikia arobaini.

Nikaipandisha ruhusa juu. Nikaiwasha seva upya.
Aune akatuma ya majaribio kwa simu, amesimama,
kengele ikalia, hakutabasamu.
Akavaa glavu moja.
"Na wale wasio na karatasi ya kukuletea?"

Kumbukumbu zetu huishi siku kumi na nne.
Barua iliyokataliwa mlangoni haihifadhiwi popote.

Akaenda. Zulia lilikuwa limelowa.
Nikabaki na mstari wa kumi na mbili,
mwandiko wangu kabisa,
hata zile nafasi mbili mwanzoni
ambazo huziacha mimi peke yangu.