Novemba, Chini ya Ufagio

Wengine husoma mwezi ukutani.
Mimi nausoma chini, barabara ya Belgrave, Lesta,
saa kumi na moja alfajiri, glavu zimelowa tangu jana.

Tarehe mosi, maboga.
Yametobolewa macho, yamechongwa meno,
yanachekea malangoni na mishumaa imezimika ndani.
Kwetu Masasi boga halichongwi sura, huliwa.
Niliokota moja zima, halijaguswa kisu,
nikalificha chini ya mkokoteni kama mwizi.

Tarehe nne, Diwali.
Kulipokucha nilifagia maua ya manjano,
vijitaa vya udongo vyenye masizi, maboksi ya ladu,
na unga wa rangi uliokwishakanyagwa.
"We kijana, taratibu hapo kizingitini,
hilo pambo sijamaliza kulitazama."
Bi Kantaben, mzaliwa wa Mwanza.
Kiswahili chake kina kutu ya miaka hamsini
lakini bado kinafungua.
Nikafagia kulizunguka pambo lake.

Usiku uliofuata, moto.
Wanamchoma mtu wa matambara
kwa kosa la kutaka kulipua bunge, karne nne zilizopita.
Nikamuuliza Clive, msimamizi wangu: hamjamsamehe tu?
Akasema: huyo tulishamsahau,
tunachokumbuka ni moto.
Baruti ya jana, baruti ya leo;
pua yangu haikujua ipi ya sala, ipi ya hasira.

Clive mwezi huu anafuga masharubu
kwa ajili ya babaake, aliyekwenda hospitali akiwa amechelewa.
Yameota upande mmoja.
Hatumcheki. Tunamcheka kidogo.

Halafu ile siku.
Wao husema: saa kumi na moja,
ya siku ya kumi na moja, ya mwezi wa kumi na moja.
Kwa saa zetu ilikuwa saa tano.
Saa kumi na moja yangu ilishapita,
gizani, nikisukuma majani makavu.
Basi likasimama. Muuza simu akatoka mlangoni kwake.
Nikazima mashine, nikavua kofia,
dakika mbili,
na katika dakika hizo mbili akapita Chilumba.

Chilumba, babu wa babu yangu,
alichukuliwa shambani abebe masanduku ya vita
ambayo si yeye aliyeianza.
Walimpa namba. Namba ikapotea,
yeye akapotea nyuma yake, mahali fulani kusini ya Rufiji.
Lile jeshi la wapagazi, jina lake la Kiingereza
ulimi wetu uliligeuzageuza mpaka likawa Kariakoo,
na leo tunakwenda pale kununua khanga na chaja,
tukipatana bei juu ya jina la wafu.

Mnara wa bustanini una majina. Nimeyasoma yote,
hata nikijua.

Jumapili nikampelekea Bi Kantaben lile boga.
Akalipasua kwa panga la jikoni, mkono haukutetemeka,
akalipika kwa nazi na bizari.
Akanitazama kifuani.
"Wote wamevaa ua jekundu. Lako?"
Nikamwambia habari za Chilumba.
Akanyamaza, akapunguza moto, kisha:
"Ukipenda boga..."
akaniachia mimi nimalizie,
nikashindwa kumeza.

Jumatatu, maua ya karatasi kwenye mifereji,
pini zake zinachoma matairi ya baiskeli.
Nikaokota moja, nikalinyoosha juu ya goti.
Nilitaka kuliandika jina.
Kalamu ikateleza; karatasi ilishakunywa mvua.
Nikalitia pamoja na mengine.

Leo thelathini. Juu ya ngazi wanatundika taa za Krismasi,
Clive amenyoa, amekuwa mdogo ghafla.
Dirishani kwangu, juu ya gazeti la zamani,
mbegu za boga zinakauka.
Nimezihesabu usiku, moja moja.
Sikuzipa namba.