Dakika Kumi

Kitabu ni kimoja, watoto sitini na wawili.
Ninasoma kwa sauti, Kiingereza kwanza,
halafu Kiswahili changu cha Kyegegwa,
ambacho wanakirekebisha bila huruma,
hawa watoto wa Masisi na Fizi.
Nikasema: treni iliwachukua Wayahudi wa mji ule.
Mugoli akasema: iliwasomba, Mwalimu.
Watu wengi hivyo husombwa.

Zoezi la kwanza: chora sanduku.
Una dakika kumi kabla ya kuondoka,
nimeandika ubaoni. Utatia nini?
Kambale akainua mkono:
"Dakika kumi? Nani alikupa?"
Darasa likacheka,
kicheko cha wanaojua bei ya kitu.

Wakachora. Sufuria, nyingi mno.
Redio. Mbuzi mzima, pembe zimetoboa kifuniko.
Nabintu alichora ufunguo,
akaukoleza kwa penseli hadi karatasi ikachanika,
na mlango hakuuchora.

Zoezi la pili nililitunga mwenyewe, nikajivunia.
Nikapima kwa chaki sakafuni
chumba cha darini alimojificha msichana wa kitabuni:
hatua mbili kwa tatu. Waingie saba,
wakae kimya hadi nihesabu mia.
Nikafika mia.
Nikafika mia mbili, sijui kwa nini.
Hakuna aliyekohoa.
Mvua ilianza juu ya mabati, na wao saba
wakapumua pamoja nayo, ili isisikike.
Basi, nikasema, tokeni.
Mugoli akachungulia mlangoni kwanza.

La tatu limo kwenye bahasha, ndani ya begi langu:
nyota za karatasi ya njano, sitini na mbili,
nilizozikata usiku kwa mkasi wa kuazima.
Mpango wa somo unasema
kila mwanafunzi abandike yake kifuani, kisha wajadili.
Nikawatazama. Kila nyumba yao ina kadi,
kila kadi ina namba,
na namba hiyo wanaijua kuliko siku ya kuzaliwa.

Bahasha sikuifungua.

Rimu ya lori ikagongwa, wakatoka mbio kwenye uji.
Kambale alibaki kufuta chaki kwa tambara bichi,
akafuta pande tatu, akasita.
"Yule msichana, Mwalimu. Anafika?"

Nikamwambia kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa.

Akakitazama kitabu mezani, kizima,
akanitazama mimi, kwa adabu,
kama mtu mzima anayemwachia mtoto uongo wake,
kisha akainama
kufuta upande wa nne.