Perege Kumi na Mmoja

Lambo letu halimo kwenye ramani yoyote.
Ni tuta la udongo, hatua mia na arobaini
(nimezihesabu mara mbili, mara moja nikiwa na homa),
linalolizuia korongo la Chitope lisikimbie na mvua.

Lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe.
Daftari la kijiji linasema hivyo: ng'ombe, mbuzi, basi.
Mama alibeba mfinyanzi kwa karai wiki saba,
akilipwa debe la mtama kila Ijumaa,
kisha wakaushindilia kwa visigino, yeye na Mbeleje,
kama watu wanaoezeka tembe.

Samaki hakuandikwa.
Samaki alikuja na kaka yangu Masinga
kutoka Mtera, kwenye keria ya baiskeli,
ndani ya dumu lililotobolewa kwa msumari.
Perege arobaini waliondoka,
kumi na mmoja wakafika.
Akafuta macho. Akasema ni vumbi.

Matete yakaota bila kuombwa.
Mdiria akaja, sijui alisikia kwa nani.
Batabukini wawili, wakali kama watoza ushuru.
Usiku digidigi hunywa upande wa mashariki,
fisi upande mwingine;
alfajiri nasoma kwato na makucha topeni
kama mwalimu anayeita majina.

Na korongo, yule wa mbawa,
husimama kwa mguu mmoja ndani ya korongo, lile la maji.
Lugha iliwapa jina moja
ikawaacha watafutane wenyewe.

Kenge alipotoboa ubavu wa tuta
mwenyekiti akataka auawe, matete yafyekwe.
Mama akasimama kikaoni, kanga begani:
"Tuta hili nimelikanyaga nikiwa na mimba.
Linabomolewa na ng'ombe wako, Chilewa,
wanaolipanda kama ngazi."
Kikao kikafungwa kwa sala, haraka.
Kenge bado yupo. Ng'ombe pia.

Mwezi wa kumi maji hurudi nyuma,
tope hupasuka vigae,
perege hubanana kwenye dimbwi la ukubwa wa ua wetu.
Kambale, ambaye hakuna aliyemleta,
hujizika akingoja.
Hatumuulizi anangoja nini.

Jana nilichota ndoo.
Ndani, kisamaki chenye urefu wa ukucha
kikizunguka, kikitafuta ukingo.
Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, jua kali.
Nikaimwaga ndoo nzima, polepole.
Nikachota upya.
Hakuna aliyenung'unika.