Ndoo Nne

Miezi mitatu mama yuko Ndanda, wodini,
na nyumba yake Newala imefungwa kwa kufuli na kamba ya katani.
Nikafungua. Nikapiga hodi kwa mazoea.
Walioitika ni viroboto.

Walinipanda juu ya soksi nyeupe;
mguu mmoja nilihesabu kumi na saba, nikaacha.
"Walilala kwenye nyufa wakisubiri kishindo,"
alisema Bi Somoe kutoka uani kwake.
"Nyumba tupu huwalaza, hatua ya mtu huwaamsha.
Basi, umekaribishwa."

Mbwa wa mama anaitwa Mtasema.
Jina halikuwa lake, lilikuwa la jirani,
mwaka ule wa ugomvi wa mpaka wa mikorosho.
Ugomvi ukafa, jina likabaki,
na miezi hii mitatu ni Bi Somoe aliyemlisha,
kila jioni akisimama na sufuria ya ukoko
akiita "Mtasema! Mtasema!"
yeye, aliyetupiwa hilo jina.

Alikuja anajikuna, mguu wa nyuma ukidunda sakafuni,
sikio moja limebaki ngozi.
Chipalo wa ghalani akaleta salfa ndani ya kopo la maziwa:
"Imeshinda ukungu mikoroshoni, itashindwa na hawa?"
Nikamwambia, mkorosho haujilambi.

Nikachemsha mwarobaini, nikauacha upoe.
Povu la sabuni shingoni kwanza, kama kola,
maana ukianzia mgongoni wanakimbilia masikioni.
Halafu chanuo la chawa, lile la meno ya kubanana,
na kila nililomtoa, bakulini.
Maji ya kumsuuza niliyachota roho mkononi:
huku juu maji hupanda mlima kabla hayajafika mdomoni,
na mama huyajua yake kwa alama ya mkaa
aliyoichora ubavuni mwa tangi.

Gunia la Mtasema nililichoma.
Godoro juani, mkeka juani, mapazia kwenye maji ya moto.
Nikafagia kwa chelewa hadi pembeni, hadi chini ya kabati,
taka nikazimwaga motoni, si jalalani.

Ndipo nikavuta kitanda chake.
Chini, karibu na ukuta: sahani ya bati,
katikati koroboi lililokauka utambi,
na kuzunguka koroboi utando wa sabuni iliyoganda
wenye nukta nyeusi, nyingi, kama ufuta.

Kumbe alikuwa vitani.
Kumbe usiku aliinama na mgongo ule unaomuuma
akiweka taa chini, wauone mwanga, waruke, wazame.
Na mimi nikipiga simu kutoka Mtwara:
"Huku hatujambo, mwanangu. Wote wazima."

Sikuiosha mara moja ile sahani.
Baadaye nikaiosha, nikaijaza, nikawasha.

Usiku wa kwanza arobaini na mmoja.
Wa pili ishirini.
Wa tatu ishirini na tisa, nikataka kulia.
"Mayai hayo yameanguliwa," Bi Somoe alisema, "usiache."
Nikafagia tena. Nikamchana tena Mtasema,
ambaye sasa alikuwa akijilaza mwenyewe, tumbo juu,
akiliona chanuo.
Wiki ya tatu: wawili. Mmoja.
Kisha asubuhi moja sahani ilikuwa maji tu,
na uso wangu ndani yake.

Mama alishuka garini mchana, amepungua, ameshika fimbo.
Mlangoni akasimama. Akainua doti kidogo,
akatazama vifundo vya miguu yake, akangoja.
Akangoja sana.
Hakuna kilichoruka.

Hakusema ahsante. Alizunguka nyumba hadi kwenye tangi,
akaitafuta alama yake ya mkaa kwa kidole,
na maji yalikuwa chini yake, mbali.

"Umetumia ndoo ngapi?"
"Nne, mama."

Zilikuwa kumi na moja.
Mtasema alikuwepo, alihesabu zote.
Hakusema.