Daftari la Mpima Kahawa

Mara tatu nimetia saini kitabu cha wageni
kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya bweni:
Mazingira safi. Wazee wana furaha. Nimeridhika.
Mara tatu nikanyweshwa chai ya maziwa,
nikasindikizwa hadi getini na meneja
mwenye sauti laini kama parachichi lililoiva.

Barua yangu hunitangulia wiki mbili:
mhuri wa halmashauri, tarehe, saa nne kamili.
Basi shuka hutolewa stoo zikiwa na mikunjo yake,
mistari minne ya pasi juu ya kila kitanda.
Niliiona mistari ile.
Nikaandika: shuka mpya.

Mzee Elirehema hakuwahi kunisemesha.
Miaka thelathini alipima kahawa ghalani, huko Kibosho,
mtu wa mizani, asiyejua neno "kama kilo tano hivi".
Mara ya tatu, nikihangaika na mwavuli mlangoni,
alinitilia daftari mkobani, kimya,
kama anayelipa deni asilotaka lijulikane.

Nililifungua usiku, nyumbani Pasua, umeme umekatika,
kwa tochi ya simu.

*Jumatatu. Anaeli, kitanda cha sita. Kofi moja, shavu la kushoto. Kosa: kajikojolea.*
*Jumatano. Uji vikombe tisa. Wazee kumi na wanne.*
*Ijumaa. Ndeshukurwa kafungwa kitini kwa khanga yake mwenyewe. Saa tatu na nusu hadi adhana ya alasiri.*
*Jumapili. Kwaya imeleta sabuni. Sabuni imeondoka na meneja.*
*Jumanne. Mkaguzi amekuja. Shuka, nyama. Mkaguzi ameondoka. Shuka zimeondoka.*

Mkaguzi ni mimi.
Hakuandika jina langu, wala tusi.
Aliniandika kama alivyoandika mawe
aliyoyakuta ndani ya gunia:
uzito usio kahawa.

Alhamisi nilikwenda bila barua.
Saa kumi na mbili na robo, baridi ya Julai,
mlima haupo, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba.
Mlinzi alitazama kitambulisho, akatazama pembeni,
akafungua geti kwa haraka ya mtu
aliyengoja siku nyingi kuamriwa afungue.

Nilihesabu.
Blanketi tano.
Wazee kumi na watatu.
Nikarudia kuhesabu, labda kuna aliye msalani.
Godoro la kitanda cha sita lilikuwa limesimamishwa ukutani, likikauka.

Ripoti yangu ilikuwa na kurasa kumi na moja.
Mkuu wangu aliisoma hadi ya nne, akavua miwani.
"Dada, hii lugha haijengi. Wafadhili wanasoma."
Akavuta droo ya chini, ile yenye kufuli,
nami nikaona humo migongo ya mafaili mengine,
yamelala chali, yamefunikwa vizuri
kuliko mzee yeyote niliyemkuta asubuhi ile.

Nilisema nitarekebisha.
Nikaichukua, nikaipeleka kwanza kwa mwenye mizani.
Nilimsomea barazani, taratibu, sikio lake la kulia.
Alinikatiza mara mbili.
Mara ya kwanza: "Vikombe tisa. Umesema kumi."
Mara ya pili, nilipomaliza, nikingoja asante:
"Na wewe je, mwanangu?
Uko ukurasa wa ngapi?"

Ndiyo maana zimekuwa kumi na mbili.
Ukurasa wa mwisho una tarehe tatu,
chai tatu, saini tatu, na neno moja
nililoliandika mara tatu nikiwa macho.

Nimezibandika mwenyewe ubao wa kata, kwa pini,
kati ya tangazo la chanjo ya mbwa na mnada wa pikipiki.
Watu walisoma wamesimama, wengine na ndoo mkononi.
Binti yake Anaeli, muuza ndizi wa Mbuyuni,
yule aliyeambiwa ni presha,
alisoma kwa kidole.
Kwenye kitanda cha sita kidole kilisimama.
Kisha kikaendelea kushuka, ukurasa kwa ukurasa,
kuja kwangu.