Kadi ya Fahali

Wameniita niandike jina lako msalabani,
rangi nyeupe juu ya ubao wa mkaratusi,
na mkono huu uliozoea SODA BARIDI na KINYOZI
leo unatetemeka kama wa mtoto wa chekechea.
Kakako amesimama nyuma yangu, anahesabu nafasi:
"Khavugwi ina H, fundi. Usiisahau."

Ningeisahauje.

Mara ya kwanza nilikudhani mtu wa kanjo.
Siku ya soko, Luanda, vumbi hadi kwenye kope,
nawe umesimama mbele ya bucha ya Wesonga
na mwavuli, na daftari, na viatu vya kanisani,
unamkazia macho fahali wangu ukutani
kana kwamba ana deni lako.
"Nani alimchora huyu?"
Nikameza mate. Sijui, mama.
Ukacheka. "Una rangi nyekundu sikioni."

Ndivyo nilivyoingia chuo kikuu,
mimi niliyeacha shule darasa la sita.
Maseno, chumba cha nyuma, harufu ya gundi
na chai ya tangawizi uliyoificha nyuma ya kamusi
chini ya tangazo uliloliandika mwenyewe:
CHAKULA MARUFUKU.
Ukanivika glavu za pamba,
ukanifunulia vitabu vizito kama jiwe la kusagia:
watu wa marumaru, farasi, mapeasi kwenye sahani,
na chini ya kila picha jina la mtu,
mwaka aliozaliwa, mwaka aliokufa.
Kisha ukaivuta droo ya mwisho, ile inayokwama.
Chungu, Nyahera. Kikapu, Sabatia.
Ukuta uliosiribwa kwa udongo wa rangi tatu, Ugenya.
Na kwenye kila kadi, kwa taipu iliyofifia:
Msanii hajulikani.
Msanii hajulikani.
"Hajulikani kwa nani?" ukauliza,
na hukungoja jibu.

Jumamosi zako zote ziliishia huko.
Ulipanda malori ya mchanga, ukavuka Yala kwa miguu,
ukaketi na wanawake wenye udongo hadi viwikoni
ukauliza, ukauliza, mpaka mmoja akakumbuka:
huyo alikuwa Dorka, mke wa pili wa seremala,
alikufa mwaka wa njaa.
Kalamu ya kijani ikakata neno, ikaandika Dorka.
Kadi arobaini na moja zilikushinda.
Ulizijua kwa idadi, kama mtu ajuavyo meno aliyong'olewa.

Sitadanganya watu kwamba ulikuwa mpole.
Ulimtoza mkuu wa idara faini ya siku moja.
Futi yangu ya chuma hukuirudisha hadi leo.
Na nilipomchora fahali mwingine, bora, nilidhani,
ukamtazama kidogo ukasema,
"Wa kwanza alikuwa na hasira. Huyu ameshiba."

Wakakuaga kwa keki na saa ya ukutani.
Mwaka uliofuata droo zikapelekwa stoo;
kila kitu, walisema, kiko kwenye kompyuta.
Ukaja na mkokoteni wa kukodi. Wakakataa.
Basi ukarudi kila Alhamisi, miezi mitatu,
mstaafu na miwani yake, kwenye ngazi ya stoo,
ukinakili kadi moja baada ya nyingine kwa mkono.

Leo nimeingia sebuleni mwako, Chavakali, kunawa mikono.
Kuta tupu. Hata kalenda hakuna.
Daftari tu, tisa, kwenye kabati la vyombo.
Nimefungua la nne:
Fahali, rangi ya mafuta kwenye saruji,
bucha ya Wesonga. Elphas Amukoya, yu hai.

Ukuta ule kampuni ya simu imeupaka kijani.
Fahali yuko kwako peke yake sasa.

Msalabani fundi haweki jina, si desturi.
Nimeinama nyuma ya ubao, chini,
mahali ambapo udongo utafunika,
na kwa burashi ya nywele chache
nimeandika langu.
Kakako ameona. Amekohoa, amegeukia migomba.

Rangi bado mbichi, Bi Truphosa.
Na H ipo.